Nyimbo tano kwa mikono ya watu: shajara ya studio, Soweto, Mbeya

Mei 28

Nimehesabu hela mara tatu na jibu halibadiliki: zinatosha nyimbo tano, wapigaji wanne na nauli zao. Za kukosea hazimo.

Mradi wenyewe ni huu. Binamu yangu ana nyimbo tano alizotunga mwenyewe, nne za Kiswahili na moja ya Kinyakyusa, na anataka zitoke kabla mwaka haujaisha. Studio ni yangu, hapa Soweto, chumba cha mita nne kwa tano nyuma ya nyumba ya mama. Kwa miaka saba nimetengeneza kila kitu peke yangu kwa kompyuta na kinanda kidogo cha funguo 49: dramu za kwenye programu, besi ya kwenye programu, hata tarumbeta. Wateja wanafurahi na mimi nakula. Ila nyimbo hizi nilipozipangia midundo ya mashine zilikaa kama gauni lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Binamu alisikiliza ya kwanza hadi mwisho, akavua hedifoni taratibu, akasema, "Dada, nzuri. Lakini mbona kama naimba peke yangu?"

Swali hilo ndilo limetufikisha kwa wapigaji wa kukodi. Solo kutoka Ilomba, besi kutoka Kyela, dramu kutoka Iyunga, tarumbeta kutoka Tukuyu. Wote nimewahi kuwasikia wakipiga, hakuna niliyempata kwa kusifiwa tu.

Juni nimeichagua kwa makusudi. Paa langu ni bati, na mvua za huku zikianza Novemba hazina haraka ya kuondoka hadi Aprili au Mei. Mvua ikigonga bati hakuna maiki ya kukuokoa. Juni ina baridi na upepo, lakini bati linanyamaza.

Kuna jambo jingine niliandike leo ili nisilisahau pesa zikianza kubana. Nilipomaliza chuo nilipiga kinanda kwenye nyimbo mbili za studio moja. Niliambiwa nitalipwa wimbo ukitoka. Wimbo ulitoka, nikausikia ndani ya daladala nikiwa nimesimama, na vidole vyangu vikawa vinacheza vyenyewe kwenye bomba la kushikilia. Jina langu halikuandikwa popote, na hela sijaiona hadi leo. Kwa hiyo hapa kwangu: nusu ya malipo mkononi kabla ya kufungua maiki, nusu siku ya mwisho, na kila jina linaandikwa.

Juni 2

Nimekwenda Ilomba na binamu kumwona Mzee wa solo. Alipigia bendi za dansi Dar es Salaam miaka ya themanini, akarudi nyumbani kulima, na gitaa halijawahi kutoka mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa studio? Kaa, chai ipo."

Nilikuwa nimeweka kwenye simu ule wimbo wa kwanza, wenye midundo yangu ya kompyuta. Akasikiliza kama nusu dakika, akaniambia nizime. Hakuudhika. Akamgeukia binamu: "Wewe imba tu, hapo hapo ulipokaa."

Binamu akaimba beti mbili na kiitikio bila ala yoyote, kuku wakipita miguuni. Mzee hakumtazama usoni, alimtazama mabega. Alipomaliza akamwomba arudie beti ya pili, na safari hii akawa anagusa meza kwa kidole kimoja, si kwenye mapigo, bali mahali pa ajabu ajabu. Nilichukua muda kuelewa. Alikuwa anaweka alama pale binamu anapovuta pumzi.

"Mimi nitapita hapo," akasema. "Akivuta pumzi mimi naingia, akirudi mimi natoka. Mengine tutayaona huko huko."

Kisha akauliza maswali mawili tu: tunapiga ki gani, yaani wimbo unasimama kwenye noti ipi, na nani anapiga besi. Nilipomtajia mtu wa Kyela akatabasamu. "Huyo namjua. Basi kazi imepungua."

Tumekubaliana shilingi 60,000 kwa wimbo. Nimemwachia nusu ya malipo ya nyimbo zote. Alizihesabu, akampa mkewe, mkewe akazihesabu tena.

Juni 6

Siku tatu nzima nimekuwa naandika karatasi. Kila wimbo una ukurasa wake: utangulizi mapigo mangapi, beti, kiitikio, wapi tarumbeta inaingia, wapi kila mtu ananyamaza. Wapigaji wa gitaa nimewaandikia kodi, zile noti za kupigwa pamoja, kwa herufi. Zamani nilidhani mpigaji hodari hahitaji karatasi. Naona sasa kwamba yeye ndiye anayeihitaji kuliko wote, kwa sababu yeye ataifuata kweli, na kosa langu kwenye karatasi litageuka kosa lake kwenye rekodi.

Na kosa lilikuwepo. Jana usiku Mwalimu, yule wa tarumbeta, alinipigia kutoka Tukuyu. Amekulia kwenye bendi ya tarumbeta ya kanisa la Moraviani. Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, na kule mtoto huanza kusikia tarumbeta akiwa bado mgongoni. Akaniuliza kwa upole mno, kama anavyowauliza wanafunzi wake: "Binti, wimbo wa tatu, do iko wapi?"

Nikamwambia A. Kimya. Kisha akanieleza. Tarumbeta yake ni ya B flati. Akipiga noti anayoiita C, mimi nasikia B flati. Kwa hiyo nikitaka wimbo wa A, yeye vidole vyake viko B, yenye kruzi tano, zile alama za kupandisha noti nusu hatua. "Nitaupiga," akasema, "sikatai. Lakini utasikia mtu anayehesabu vidole, hutasikia wimbo." Tukipandisha nusu hatua tu, twende B flati, yeye anakuwa C, hana kruzi hata moja.

Mimi nilichagua A kwa sababu gitaa linaipenda, lina nyuzi za kuacha wazi. Sikuwa nimemfikiria mtu wa tarumbeta hata kidogo, maana tarumbeta ya kwenye kompyuta haina vidole. Nikampigia binamu aimbe nusu hatua juu. Akajaribu kwenye simu, ikafika. Nikampigia Mzee nikiwa tayari kumwomba radhi na kumwambia nitamtafutia kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa. Akacheka. "B flati? Mwanangu, sisi tumepiga na watu wa tarumbeta na saksafoni maisha yetu yote. Hizo ndizo ki zao. Kapo mpe mwingine."

Nimeandika upya ukurasa wa tatu. Wa Mwalimu nimeuandika kwa do-re-mi kama wanavyosoma kwenye kwaya, juu kabisa nimeandika: do ni B flati.

Juni 9

Siku ya kwanza ya kurekodi. Dramu na besi.

Jirani yangu ana mashine ya kusaga mahindi, na ikisaga sakafu yangu inatetemeka hadi sauti inapanda kwenye vyuma vya maiki. Nimeongea na mama mwenye mashine, tumekubaliana: yeye anafunga saa kumi jioni, mimi ndipo naanza. Hata hivyo kila chuma cha maiki kimesimama juu ya blanketi lililokunjwa mara nne.

Kijana wa dramu alifika saa saba mchana kwa bodaboda, snea yake, ile ngoma ndogo ya dramu, imefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Mimi nilikuwa nimetenga dakika 20 za kupanga dramu. Alichukua saa moja na nusu. Alikaza skrubu moja ya ngozi, akaenda ya upande wa pili iliyotazamana nayo, kisha akagonga kwa ncha ya fimbo karibu na kila skrubu, akasikiliza, akalegeza kidogo, akagonga tena. Mashine ya kusaga inanguruma, yeye ameinamisha sikio juu ya ngozi. Nilitaka kumwambia hizo ni nyimbo tano tu, si harusi ya mkuu wa mkoa. Nashukuru sikusema. Nilipofungua maiki zile nne, moja ya kiki (ngoma ya mguu), moja ya snea, mbili juu, sikugusa kitu chochote kwenye kompyuta. Kazi ambayo huwa naifanya kwa saa tatu kwa kukata na kuongeza masafa ilikuwa imekwisha chumbani.

Maiki za juu nilizipima kwa kamba kutoka katikati ya snea, zote mbili urefu mmoja, ili sauti ya snea izifikie wakati mmoja. Zikipishana snea inakonda, inakuwa kama imepigwa kwenye kopo. Kijana akanishikia kamba.

Kaka wa besi alipiga simu akiwa Uyole, amechoka na Costa. Aliingia saa tisa. "Ugonile, mdogo wangu." "Ndaga, kaka, karibu." Nilikuwa nimemnunulia nyuzi mpya za besi, si za bei ndogo, zawadi ya mwanzo. Akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaziweka juu ya spika. Kisha akatoa besi yake yenye nyuzi nyeusi kwa uzee, akachana kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, akakichomeka chini ya nyuzi karibu na daraja.

Sikuvumilia, nikauliza kama zile mpya hazimfai.

"Zinafaa, utaniwekea. Hizo zinalia sana. Wimbo huu unataka noti ifike, ikae, iondoke."

Nilipomsikia kwenye spika nikaelewa sponji inafanya nini. Kila noti ilikuwa fupi na nene, ikaisha kabla snea haijagongwa. Hakuna noti iliyokanyaga nyingine. James Jamerson, yule mpigaji besi wa studio ya Motown kule Detroit, naye alikuwa na kipande cha sponji chini ya kifuniko cha daraja, na nyuzi alikuwa habadilishi ovyo. Besi ya nyimbo zile inajulikana dunia nzima, lakini majina ya wapigaji hayakuandikwa kwenye majalada hadi 1971. Kaka wa besi hakuwa na habari za Jamerson. Sponji amejifunza mwenyewe, Kyela, akipiga kwenye kumbi ambazo besi ilikuwa inavuma hadi waimbaji hawajisikii.

Wimbo wa kwanza tuliupata kwa teki ya tatu, yaani tulipourekodi mara ya tatu. Wa pili ukatukwamisha.

Ni wa mapigo ya sita kwa nane. Niliweka kliki, ule mlio wa kuhesabia mapigo, kwenye kompyuta kama ninavyoweka siku zote, na kijana akaanza kupiga, akasimama. Akaanza, akasimama. Mara ya nne akavua hedifoni. "Dada, hiyo kliki yako inakanyaga pasipo."

Nikabisha kidogo, kusema kweli. Kompyuta haikosei. Kaka wa besi akaniomba hedifoni, akasikiliza, akaanza kupiga paja kwa mikono yote miwili: mkono wa kulia mara mbili, wa kushoto mara tatu, zikianza pamoja na kukutana mwisho. "Wewe umetupa huu wa kushoto," akasema. "Sisi tunatembea na wa kulia."

Ndivyo ilivyokuwa. Kliki yangu ilikuwa 99 kwa dakika, inagonga mara tatu kila mahali wao wanapohisi mara mbili. Nikaishusha hadi 66, na badala ya ule mlio wa tii-tii nikaweka sauti ya kayamba. Teki iliyofuata ndiyo tuliyonayo.

Tumemaliza saa mbili usiku. Mama aliwapikia wali na maharage, na wale wawili wakala kimya wakitazamana wakicheka peke yao, sijui kwa lipi.

Juni 10

Wimbo wa tatu, dramu na besi, teki mbili. Umeme ulikatika dakika 40, inveta ikashika kompyuta lakini si spika. Tumesubiri. Kaka wa besi amerudi Kyela, atakuja tena tarehe 19.

Juni 13

Mzee wa solo.

Baridi ya leo ilikuwa ile ya kung'ata masikio, upepo unashuka mlima Loleza moja kwa moja hadi mlangoni kwangu. Mzee alikuja jioni na gitaa mgongoni juu ya bodaboda. Nikampa kebo achomeke tuanze. Akakataa. Akakaa kwenye kochi, akafungua koti, akalikumbatia gitaa ndani ya koti kama mtu anayempasha mtoto joto, akaomba chai. Dakika kumi na tano nzima.

"Nyuzi zikipoa zinajikaza, sauti inapanda," akasema. "Nikikaza sasa hivi, chumba kikipata joto zote zitashuka katikati ya wimbo, na wewe utadhani mimi mzee nimeanza kusikia vibaya."

Alipolikaza halikuhitaji kukazwa tena hadi mwisho wa wimbo. Piki yake ameikata mwenyewe kwenye mfuniko wa kopo la mafuta ya kujipaka, ukingo umelika upande mmoja. Anaishika kwa ncha kabisa, hutaiona.

Tukaanza. Baada ya mapigo manane akanyamaza. Akaanza tena, akanyamaza. Akaniambia jambo ambalo nimeshawahi kuambiwa na wateja vijana na nikawajibu kwamba ni mazoea tu: "Gitaa linanifuata nyuma."

Safari hii nilikwenda kutazama. Bafa ya kompyuta, yaani kipande cha sauti inachokusanya kabla ya kukitoa, nilikuwa nimeiacha sampuli 1,024, kwa sababu nilikuwa nikimiksi mchana na mashine yangu ni ya zamani. Kwa sampuli 48,000 kila sekunde, hiyo ni milisekunde 21 za kuingia na nyingine 21 za kutoka kabla sauti haijarudi masikioni. Milisekunde 42. Hewani sauti hutembea kama mita 34 kwa kila sehemu ya kumi ya sekunde. Ni sawa na spika ya Mzee ingekuwa umbali wa mita 14 kutoka alipoketi, huko kwa mama wa mashine. Mtu anayepiga kodi taratibu anaweza kuvumilia. Yeye anapiga noti zinazokimbia kama mtama unaomwagika, na kila moja inamrudia ikiwa imechelewa.

Nikazima kila kitu kisicho cha lazima, nikashusha bafa hadi 64. Sasa ni milisekunde moja na kidogo kuingia, moja na kidogo kutoka. Akapiga noti moja tu, akaguna, akakaa sawa.

Nimewaomba radhi moyoni vijana wote niliowajibu vibaya.

Nyimbo tatu kwa jioni moja. Alipiga juu ya sauti ya mwongozo ya binamu, ile tuliyorekodi haraka haraka ili wapigaji wajue walipo, na alitimiza alichosema kule Ilomba: binamu akivuta pumzi, gitaa linapita, akirudi, limeshatoka. Kwenye kiitikio cha wimbo wa kwanza hakupiga kabisa. Nilidhani amepotea. Akanionyesha kwa kichwa niendelee. Kiitikio kilipojirudia akaingia na noti tano, zile zile, na nywele za mikono yangu zikasimama.

Juni 16

Mwalimu wa tarumbeta. Naye alipambana na baridi, ila kinyume chake: gitaa likipoa linapanda, tarumbeta ikipoa inashuka. Alipuliza hewa ya joto ndani bila kutoa mlio, dakika kadhaa, akitembea chumbani. Maiki niliiweka mita moja, na nikaigeuza kidogo isitazamane na mdomo wa tarumbeta uso kwa uso. Alisoma do-re-mi yake mara moja, akapiga sauti ya juu, kisha bila kuombwa akauliza kama anaweza kuongeza ya pili chini yake. Tuna tarumbeta mbili kwa bei ya moja. Nimemlipa mbili.

Juni 19

Siku ngumu, na ugumu nimeuleta mwenyewe.

Juzi usiku nilikuwa peke yangu na wimbo wa kwanza. Nikakuza picha ya sauti kwenye skrini, nikaona snea za kijana haziko kwenye mstari wa mapigo wa kompyuta. Zinachelewa milisekunde 12, nyingine 15, nyingine 18. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe ninachokibonyeza miaka saba. Kompyuta ikazivuta zote zikakaa kwenye mstari, zimenyooka kama mahindi ya shamba la kisasa. Nikalala nimeridhika.

Leo Kaka wa besi amekuja kumalizia nyimbo mbili. Kabla hatujaanza nikamwekea ule wa kwanza afurahi. Alisikiliza akiwa amesimama. Uso ukabadilika.

"Mdogo wangu, mimi nimechelewa hivi?"

Nikamwambia hapana, umepiga vizuri.

"Hapana, sikiliza. Nimechelewa kila mahali. Mimi sikupiga hivi." Na alikuwa ameumia kweli, si kwa hasira, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake asijitambue.

Nikamwambia nilichofanya. Akakaa. Akanieleza taratibu: kijana wa dramu anaichelewesha ile snea kwa kupenda, ndiyo sababu wimbo unatembea kama mtu mwenye nafasi yake. Yeye akamsikia siku ile ile, akaziweka noti zake kwenye kuchelewa kule kule, wakakaa pamoja. "Umemwondoa mwenzangu, mimi umeniacha pale pale. Lazima nionekane nimechelewa."

Kwa hiyo kile walichokuwa wakichekea mezani siku ya wali na maharage kilikuwa hicho. Walikuwa wamekutana mahali, na mimi nilikuwa chumba kile kile na sikuona. Nimewakodi kwa masikio yao, nimewalipa, kisha nikakaa usiku nikiyafuta kwa mausi.

Faili la asili lilikuwepo, nashukuru Mungu nina tabia ya kuhifadhi kila teki. Nimelirudisha mbele yake. Tulisikiliza wote wawili hadi mwisho bila kusema neno, akatikisa kichwa mara moja, akachomeka sponji, tukaanza wimbo wa nne. Nimekiondoa kile kitufe kwenye ukurasa wa mbele wa programu.

Juni 22

Wimbo wa tano, ule wa Kinyakyusa. Huu tuliamua wapigwe wote pamoja, mara moja, bila kliki. Mzee ndiye aliyeomba. Wakati wake pale Redio Tanzania Dar es Salaam, anasema, bendi nzima iliingia studio na kurekodi kwa pamoja. Mmoja akikosea wote mnaanza upya, kwa hiyo mlikuja mmeshafanya mazoezi hadi wimbo umeingia kwenye damu.

Chumba hakitoshi. Spika ya gitaa tumeipeleka jikoni kwa mama, mlango umefungwa. Besi inaingia moja kwa moja kwa kebo. Kijana ameacha fimbo, amechukua brashi na kayamba. Mwalimu amesimama kwenye kona akitazama ukuta wenye magodoro. Binamu yuko kwenye korido na maiki yake, mlango wazi kiasi cha kuwaona wenzake macho. Macho hayo yalikuwa muhimu kuliko hedifoni; mwisho wa kila beti walimtazama yeye, naye alikuwa anainua kidevu kidogo wanapoingia.

Teki ya kwanza ilikuwa nzuri kupita kiasi, na sikuirekodi yote. Nilisahau kuwasha njia ya maiki ya binamu. Kila ala iko, sauti haipo. Nilipowaambia nilikuwa natetemeka. Binamu alinitazama tu. Mzee akasema, "Basi tupige tena, mikono bado ina joto," na hakuna aliyeongeza neno.

Teki ya pili ndiyo hiyo. Dakika ya tatu unasikia kiti cha Mzee kikilia. Nitakiacha.

Usiku huo huo, akiwa bado na joto lile, binamu akarudia kuimba nyimbo nne zilizobaki, sauti za kudumu sasa. Hajawahi kuimba hivyo.

Juni 24

Malipo ya mwisho na karatasi. Kila mmoja amesaini ukurasa mmoja wa Kiswahili: alipiga nini, kwenye nyimbo zipi, amelipwa kiasi gani, jina lake liandikweje. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji pia, siyo mtunzi pekee. Hicho ndicho kinachoitwa hakishiriki, na karatasi hii ndiyo itakayomsaidia akienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kudai chochote kesho. Kijana wa dramu alikuwa hajawahi kusaini kitu kama hiki. Aliisoma mara mbili, akauliza kama anaweza kupiga picha ampelekee mama yake.

Nimewatumia wote nyimbo tano zikiwa bado mbichi wasikilize.

Juni 27

Mzee amenipigia saa kumi na mbili asubuhi.

"Ule wa tatu, beti ya pili. Huyu mtoto amebadilisha mahali pa kuvuta pumzi."

Nikafungua faili nikiwa bado na shuka mabegani. Kweli. Kwenye sauti ya mwongozo binamu alikuwa anapumua baada ya mstari wa pili. Usiku ule wa tarehe 22 alishika pumzi, akaiunganisha mistari miwili, akapumua mbele. Gitaa la Mzee limebaki pale pa zamani, na sasa linapita juu ya maneno yake. Nimeusikiliza wimbo huo si chini ya mara 20 na sikulisikia.

"Nipe nusu saa jioni," akasema. "Hela usinipe, hii ni yangu."

Alikuja saa kumi, mashine ya kusaga ilipozimwa. Akalipasha gitaa ndani ya koti. Akaomba nimsikilizishe beti ile bila gitaa, mara tatu, akigusa goti lake. Kisha akapiga mara moja tu. Kulikuwa na noti tisa, sasa ziko nne, na ziko mbele kidogo, pale pumzi ilipohamia.

Akavaa koti, akamsalimia mama jikoni, nikamsindikiza hadi kwenye bodaboda. Nimehifadhi faili mahali pawili. Kesho naanza kumiksi wimbo wa kwanza.